Pesa za kikoba "zimetumika"

Swali la msomaji:

Assalaam aleikum mama, na shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Makorora, Tanga. Asubuhi nakaanga mahamri na kuuza mbaazi, napata faida ya kama 10,000 kwa siku, na nikipata mtaji naanika dagaa. Ni mweka hazina wa kikoba chetu cha akina mama 22. Zamani tulikuwa na sanduku, sasa pesa zinakaa kwenye laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina langu. Tangu mwezi wa tatu mpaka wa nane mambo yalikuwa magumu, mume wangu yuko Dar na matumizi hayaji tena. Pesa za kikoba zikaanza kutumika kidogo kidogo. 450,000 zilikwenda kwenye kodi, 680,000 ziliingia kwenye dagaa wakaharibiwa na mvua, na kuna 250,000 ya harusi ya wifi. Jumla 1,380,000. Kusema kweli sikuwa na namna, watoto wangelala nje. Na wala si mimi tu, katibu alikuwa anasaini daftari bila kuangalia, na mwenyekiti mwenyewe aliwahi kukopa nje ya utaratibu. Mpaka sasa hakuna aliyeumia kwa kuwa hatujavunja kikoba, tunavunja wiki ya kwanza ya Desemba. Hisa zangu ni 420,000. Nimepanga niwaambie nimetapeliwa kwenye simu, kama wanavyotapeliwa watu kila siku, kisha niwalipe taratibu. Mradi nitazilipa, kuna ubaya gani? Najua shetani alinipitia. Naomba ushauri mama, nisionekane mwizi.

Jibu:

Wa aleikumu ssalaam mwanangu, na marahaba.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilishika kalamu nikapiga mstari chini ya vitenzi. Ni tabia niliyoipata kwenye kazi hii ya unasihi: mtu akieleza kosa lake, mimi huyaacha majina nikasikiliza vitenzi. Vya kwako ni hivi: zikaanza kutumika, zilikwenda, ziliingia, wakaharibiwa. Yaani pesa zilitoka zenyewe kwenye simu, zikashika njia mpaka kwa mwenye nyumba, zikateremka Sahare kununua dagaa, na jioni zikajifukiza udi zikaenda harusini. Wewe umo wapi? Kwenye kukaanga mahamri upo: nakaanga. Kwenye kulipa upo: nitazilipa. Kuanzia mwezi wa tatu hadi wa nane hupo kabisa, kama vile ulisafiri ukaiacha simu nyumbani.

Sikukejeli. Lugha yetu yenyewe inaturahisishia. Kiswahili kina ile kauli ya kutendeka tuliyofundishwa shuleni: kikombe kimevunjika, mlango umefunguka, chumvi imemwagika. Ina kazi yake, maana kuna vitu huvunjika kweli bila mkono wa mtu. Lakini mtoto wa miaka minne huijua kauli hiyo kabla hajajua kuvaa viatu. Utamkuta amesimama juu ya vigae, mikono nyuma, "Mama, kikombe kimevunjika." Na mama yeyote wa hapa atamwuliza: kimevunjika chenyewe, kilikuwa na miguu? Swali hilo huwauliza watoto wetu mpaka wanafika darasa la tatu, halafu tunaacha, na sisi wakubwa tunaendelea na kauli ileile maofisini, vikobani na kwenye ndoa zetu.

Mimi iliwahi kunifaa sana. Kabla sijasomea unasihi nilikuwa karani wa masijala katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Kulikuwa na faili la mzee mmoja mstaafu aliyekuwa akifuatilia mafao yake. Nililichukua nyumbani nimalizie kazi, jambo ambalo lilikatazwa, nikalisahau ndani ya kikapu cha soko chini ya kitanda. Bosi alipoliulizia nikasema maneno mawili: "Faili limepotea." Sikumtaja mtu. Lakini ofisini anayebeba mafaili ni tarishi, kwa hiyo lilipopotea, macho ya wote yalikwenda kwake bila mimi kunyoosha kidole. Akapewa barua ya onyo. Wiki ya pili nikalikuta faili, nikalirudisha kimyakimya nikalichomeka kwenye kabati lisilo lake, na mtu akapiga kelele kwamba limepatikana. Limepotea, limepatikana. Mimi simo.

Baada ya miaka sita nikamkuta yule tarishi Ngamiani, chini ya mwembe, anatengeneza baiskeli. Alikuwa ameinama kwenye karai la maji, anauzungusha mpira kutafuta pancha. Nikasimama pale na utu uzima wangu nikamwambia, lile faili nililichukua mimi. Hakuinua kichwa. Aliendelea kuuzungusha mpira mpaka mapovu yakatoka, akaweka alama kwa kipande cha chaki, ndipo akasema: "Nilijua. Lilirudi linanuka vitunguu." Alijua miaka yote sita, na alikuwa anangoja nimwambie. Nikaanza kueleza jinsi nilivyokuwa mgeni kazini na jinsi bosi alivyokuwa mkali, akanikatiza. Alichokuwa anataka ni barua. Alikuwa ameshaacha kazi ile, kazini hapakuwa na cha kusafisha, ila mama mkwe wake alikuwa bado anamwita mpoteza mafaili ya watu. Nikamwandikia barua palepale kwa mkono, nikaisaini, akaikunja akaitia mfukoni na kurudi kwenye pancha yake. Kama amenisamehe au hakunisamehe hakusema.

Nimekusimulia hayo kwa sababu ya kile kitu ulichopanga. Umeniuliza kuna ubaya gani ukisema umetapeliwa. Ubaya wa kwanza ndio huo wa tarishi: uongo wa namna hiyo haukai hewani, lazima umwangukie mtu. Ukisema pesa zimeibiwa kwenye simu, swali la kwanza la akina mama litakuwa, nani mwingine anaijua namba ya siri? Na kabla jua halijazama jina litapatikana. Atakuwa kijana wa kibanda cha wakala pale kona aliyekusaidia kusajili laini, au mdogo wa mwenyekiti anayejuajua simu. Nimeona mtaa ukimkalia kijana kwa jambo dogo kuliko hili. Naye ana mama yake, na pengine mama yake ni mmoja wa hao 22.

Ubaya wa pili ni kwamba hautafika mbali. Matapeli tunawafahamu wote, ile "ile hela nitumie kwenye namba hii" imeingia mpaka kwenye simu za bibi zetu. Tapeli akikupata huchukua zote mara moja na kuzima simu. Pesa zenu zimetoka kwa vipande, miezi sita, na kila kipande kina tarehe. Akina mama wakiomba taarifa ya miamala ya laini hiyo wataona namba ya mwenye nyumba wako. Tapeli gani anakulipia kodi ya nyumba? Na wakiamua kwenda kituoni, wewe kama mwenye laini ndiye utakayetakiwa kuandikisha maelezo, na kutoa taarifa ya uongo polisi ni kosa la jinai peke yake, juu ya hilo ulilonalo.

Sasa hilo "mradi nitazilipa". Hapa nitakuumiza kidogo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya sheria zetu, kifungu cha 258, inaeleza wizi ni nini, na kwenye pesa imesema jambo ambalo watu wengi hawalijui: mtu akichukua pesa kwa nia ya kuzitumia apendavyo, huo ni wizi hata kama alikusudia kuzirudisha baadaye. Aliyeitunga sheria alishasikia maneno hayo ya "mradi nitazilipa" kabla yako na yangu. Nia ya kulipa ni njema, na itakusaidia mbele ya wenzako, lakini haibadilishi jina la kitendo. Kwa hiyo ombi lako la usionekane mwizi siwezi kulitimiza kwa njia uliyoitaka. Ninachoweza ni kukusaidia uwe mtu aliyechukua, akasema, akarudisha. Mtu huyo naye ana jina, na mtaani anaweza kuishi nalo.

Turudi kwenye maelezo yako. Mwaka 1957 Wamarekani wawili, Gresham Sykes na David Matza, waliandika kuhusu vijana wanaovunja sheria. Walisema wengi wa vijana hao hawaipingi sheria, wanajua kabisa wizi ni vibaya, ila huwa na maneno ya kuilaza dhamira ili mkono upite. Wakayapanga maneno hayo katika aina tano. Ya kwanza, sikuwa na namna. Ya pili, hakuna aliyeumia. Ya tatu, mbona na wao wanaonilaumu wanafanya? Ya nne, nimefanya kwa ajili ya watu wangu. Yote manne yamo kwenye barua yako, mwanangu, na hujapata kuwasoma hao mabwana. Ya tano ni kusema aliyeibiwa alistahili. Hujaifikia, japo ile sentensi ya mwenyekiti aliyewahi kukopa iko jirani yake.

Jambo lao ambalo mimi huona lina uzito zaidi ni hili: maneno hayo hayaji baada ya kosa kulifunika tu, huja kabla, kulifungulia mlango. Mwezi wa tatu ulijiambia "nitarudisha mwisho wa mwezi" ndipo ukabonyeza. Sasa unajiambia "mradi nitazilipa", na mlango unaofunguka safari hii ni wa kudanganya wanawake 21.

Tuchukue dagaa. Unasema wameharibiwa na mvua. Dagaa wakilowa siku mbili tatu wanatoa funza, hilo nalijua, nimeishi karibu na wanaoanika. Lakini umenipa miezi yako mwenyewe, wa tatu hadi wa nane. Masika Tanga yananyesha kila mwaka kuanzia mwezi wa tatu hadi wa tano, na hakuna mwanikaji wa Sahare asiyejua. Mvua haikukuvizia. Uliingiza 680,000 ya watu kwenye dagaa wakati wa masika kwa kuwa dagaa wakati huo huuzwa bei nzuri wakikauka, ukacheza kamari na mawingu. Ungekuwa mtaji wako ningekupa pole. Wewe unayeamka alfajiri kupika mbaazi ndiye wa kwanza kujua ile methali, mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Na harusi. Umeitaja harakaharaka, "na kuna 250,000 ya harusi ya wifi", katikati ya dagaa na jumla, kama mtu anayepita mbele ya duka anakodaiwa. Kodi unaweza kuitetea, hata mimi ningekusikiliza. Harusi huwezi, ndiyo maana hujaitolea sababu yoyote. Sare, mchango, na zile noti za kutunza mbele ya mawifi. Ningekuwa na nafasi ya kukuuliza swali moja tu uso kwa uso, ningekuuliza hilo: siku ile ulivyokuwa umevaa, ulizikumbuka pesa zimetoka wapi? Huna haja ya kunijibu. Lakini ukienda kukiri ukaiacha harusi nje, ukaongeza dagaa ili hesabu itimie, utakuwa hujakiri. Kitu kile tunachotamani kukipunguza ndicho chenye ukweli wetu.

Nisiionee mbaazi lakini. Jua nalo lipo, na jua la Tanga mwezi wa pili linaunguza kwelikweli. Mume wako ana watoto wawili aliowapa mgongo. Hilo ni deni lake na usilibebe wewe kwa jina la kuwajibika. Naona wanawake wengi wakifika hapa wanabadilika ghafla, kutoka "si mimi" wanarukia "yote ni mimi, mimi ni mbaya, mimi sifai", na wanadhani huko ndiko kuwajibika. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi, baba akiwa mmojawapo, amlishe mtoto, amvike, ampe malazi, matibabu na elimu. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Watamwita, asipokuja kuna mahakama, na mahakama inaweza kutoa amri ya matunzo hata kama yuko Dar. Ungekwenda mwezi wa tatu pengine tusingekuwa tunaandikiana. Nenda sasa. Ila uwe na daftari mbili: hili la mume ulifungue ustawi, usilifungue kwenye mkutano wa kikoba. Akina mama wale hawakuolewa na mumeo.

Katibu aliyesaini bila kuangalia alikosea, na siku akiulizwa atajibu mwenyewe. Usimtaje wewe. (Kwa wasomaji wengine wenye vikoba: lile sanduku la kufuli tatu mlilolitupa, funguo kwa watu watatu tofauti, halikuwa ushamba. Kikoba ambacho laini, simu na namba ya siri viko kwa mtu mmoja kinamtega mtu huyo, na akinasa wote mnashangaa.)

Umesema shetani alikupitia. Umenisalimia kwa salamu ya dini yetu, kwa hiyo niruhusu nikujibu kwa hapo hapo. Katika Surat Ibrahim, aya ya 22, imeelezwa siku shetani mwenyewe atakapowaambia waliomfuata kwamba hakuwa na nguvu juu yao ila aliwaita tu nao wakamwitika, basi wasimlaumu yeye, wajilaumu wenyewe. Yaani huyo shahidi unayemtegemea amekwisha kutoa maelezo yake, na hayakusaidii. Na masheikh wetu wametufundisha tangu chuoni sharti za toba: kuliacha kosa, kulijutia, kuazimia kutolirudia, na kosa likiwa limegusa haki ya mja, kuirudisha haki hiyo kwa mwenyewe. Hapo kwenye ya nne ndipo wengi tunapenda kumalizana na Mungu peke yake, kwa vile yeye hana daftari la hisa mkononi.

Kinachokuzuia nadhani si pesa, ni aibu. Mtafiti mmoja Mmarekani, June Tangney, ametumia miaka mingi kutofautisha mambo mawili ambayo sisi huyaweka kapu moja. Kuna kujutia nilichokifanya, na kuna kuona aibu kwa nilivyo. Alichokiona ni kwamba anayejutia kitendo huelekea kwenda kukirekebisha, na aliyejaa aibu juu ya nafsi yake huelekea kujificha, kukana na kuwageukia wengine kwa hasira na lawama. Soma tena barua yako: mwisho wake "nisionekane mwizi". Kuonekana. Hiyo ndiyo aibu inasema, na ndiyo iliyokutungia hadithi ya tapeli. Jaribu kuiweka pembeni kwa siku moja, siku moja tu, uulize swali jingine: nani atakosa nini Desemba? Hisa zako zikishikwa, zinabaki 960,000. Ukizigawa sawa kwa wenzako 21, kila mmoja anapungukiwa zaidi kidogo ya 45,700. Hiyo kwa mwenzio mmoja ni sare na viatu vya mtoto anayeanza shule Januari. Unamjua ni nani. Mfikirie huyo badala ya kufikiria uso wako.

Sasa namna ya kusema, maana hapa ndipo watu huharibu. Mwaka 2016 Roy Lewicki wa Chuo Kikuu cha Ohio State na wenzake walipima sehemu sita za kuomba radhi, waone ipi ina uzito kwa anayeombwa. Iliyoongoza ni kukiri kwamba kosa ni langu. Ikafuata kutoa njia ya kurekebisha. Iliyokuwa ya mwisho kabisa ni kuomba kusamehewa. Na sisi hapa ndiyo tunayoanza nayo! Tunaingia mlangoni na "nisameheni jamani, nisameheni", machozi, magoti, mpaka aliyeibiwa anaanza kumbembeleza aliyeiba. Kilio kama hicho kinawaomba wao wakufanyie kazi kabla wewe hujafanya yako. Ukilia, lia nyumbani kwanza.

Usianzie kwenye mkutano. Nenda kwa mwenyekiti nyumbani kwake, peke yako. Maneno yawe machache na yaanze na "ni". Mfano: "Mama, nimechukua pesa za kikoba shilingi 1,380,000, kati ya mwezi wa tatu na wa nane. 450,000 nililipa kodi, 680,000 nilinunulia dagaa wakaoza, 250,000 nilitumia harusini. Nilikuwa nimepanga kuwadanganya kwamba nimetapeliwa. Shikeni hisa zangu 420,000. Zinazobaki nitalipa kila siku, na laini ninaikabidhi leo." Kisha nyamaza. Kunyamaza hapo ni kugumu kuliko kusema. Utatamani kuongeza "lakini". Ukiisikia inapanda kooni, meza mate. Akikuuliza kwa nini, hapo ndipo umweleze ya mume na ya kodi, kwa kuwa ameuliza.

Kuhusu kiasi. Faida yako ni 10,000, kodi kwa hesabu yako, 450,000 kwa miezi sita, ni kama 2,500 kwa siku. Usije ukaahidi 5,000 kwa kuwa umesimama mbele ya watu. Ahidi 3,000. Kwa mwezi ni 90,000, na deni litakwisha ndani ya miezi kumi na moja. Ahadi kubwa inayokatika wiki ya pili itawauma kuliko wizi wenyewe. Kila jioni umtumie mwenyekiti kwenye laini mpya, siku ya mvua na siku ya jua, na daftari la malipo akae nalo yeye. Biashara ya dagaa iache mpaka deni liishe. Na kama wao watataka namna nyingine, sikiliza. Mimi nilidhani yule tarishi anataka kuombwa radhi, kumbe anataka karatasi ya kumwonyesha mkwewe.

Kabla hujaenda, soma katiba ya kikoba chenu. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi kama chenu ni daraja la nne la watoa huduma hizo na husajiliwa kupitia halmashauri, na katiba mliyopeleka kule huenda ina kifungu kuhusu kiongozi aliyetumia pesa za kikundi. Ujue kinasemaje kabla hujaambiwa. Uachie uweka hazina mwenyewe, usingoje kuondolewa.

Siwezi kukuahidi kwamba hawatakwenda polisi. Wana haki hiyo, na ukiwaomba wasiitumie kama sharti la kukiri, utakuwa unafanya biashara. Kama mambo yataelekea huko, tafuta msaidizi wa kisheria. Hawa wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na ustawi wa jamii watakuelekeza. Nilichokiona mimi ni kwamba kikundi kilichoambiwa mapema na mwenyewe, na kikapewa hesabu isiyo na tundu, mara nyingi huamua kulipwa. Kilichogundua chenyewe Desemba, siku ya kugawana, watu wameshakuja na vikapu vyao, hicho huamua vingine.

Mkutano utakuwa mgumu. Mmoja atapiga kelele, mwingine atasema "mimi nilijua tu" na hakujua. Wiki itakayofuata kuna atakayepita mbele ya karai lako la mahamri amevaa kanga yenye maneno, na maneno yatakuwa yako. Hizi ndizo taratibu za pwani, mwanangu, muuzie mahamri yake na umrudishie chenji kamili. Usije ukatafuta kanga ya kumjibu. Wengine watahamia kwa mwuzaji mwingine kwa muda. Watoto wako watasikia jambo shuleni, kwa hiyo wasikie kwako kwanza, usiku wa kabla ya mkutano, kwa maneno yaleyale yanayoanza na "ni".

Leo unaposoma hii zimebaki wiki saba. Kwa mwenyekiti nenda kesho baada ya kumaliza kuuza, akiwa ameshatoka sokoni na hajaanza kupika. Chukua simu ya kikoba, chaji yake, daftari, na taarifa ya miamala ya miezi yote sita uliyoiomba mwenyewe. Na zile 3,000 za siku ya kwanza.